Lakabu na Kisa Chake: Maoni Kuhusu Uchunguzi wa Majina ya Mtandaoni

Isimu ya majina katika Kiswahili imezoea kushughulika na majina ambayo mwenye kuitwa hakuyachagua. Jina la kuzaliwa hutolewa na wazazi, au babu, au sheikh, au padri. Jina la mahali lilikuwapo kabla ya wakazi wa leo. Hata lakabu, kwa desturi ya tangu zamani, hutungwa na watu wengine, na mara nyingi mwenyewe huwa wa mwisho kuisikia. Kwa sababu hiyo mwanaisimu ameweza kulitazama jina kama mwanaakiolojia anavyokitazama kigae: lina umbo, lina asili, lina mahali lilipookotwa, na halina la kumjibu mchunguzi.

Lakabu za mtandaoni zimeuvuruga mpango huo. Mtu anayejiandikisha kutumia huduma ya mazungumzo katika intaneti hutakiwa kujitaja kabla hajasema neno lolote. Hapo hana jirani wa kumtania wala somo wa kurithi jina lake. Yuko peke yake mbele ya kioo cha simu, na katika dakika mbili tatu hana budi awe mtoaji wa jina na mpewa jina kwa wakati mmoja. Jina analoliandika laweza kudumu naye miaka ishirini. Wapo wanaojulikana kwalo kwa maelfu ya wasomaji ambao hawajapata kuwaona uso.

Mwanafunzi wa shahada ya juu anayeingia katika uwanja huu huvutwa kwanza na wingi wa data. Lakabu zimetapakaa, hazina gharama ya kusafiri kwenda kuzitafuta, na zinajipanga vizuri katika majedwali: nomino peke yake, nomino na kivumishi, kitenzi chenye viambishi, sentensi kamili, mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza, na kadhalika. Makala haya yanadai kwamba jedwali la namna hiyo, hata liwe refu vipi, halijaanza kueleza kitu. Lakabu ya mtandaoni ni jina lenye mtunzi aliye hai, na sehemu kubwa ya maana yake haimo katika umbo bali katika kisa kilicholizaa. Kisa hicho nacho kina mwenyewe. Yamkini hapa ndipo penye ugumu wote wa uwanja huu, maana anayekipata kisa ameipata maana, na papo hapo amepata pia njia ya kumtambua mtu ambaye pengine alijiita hivyo ili asitambulikane. Kwa sababu itakayoelezwa mbele, mifano yote ya lakabu za mtandaoni iliyomo humu imebuniwa kwa kufuata miundo inayojulikana, isipokuwa pale panapotajwa watu mashuhuri wa historia.

Nani mtoaji wa jina?

Neno lakabu limetoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa sehemu moja tu ya mpango mpana wa majina, pamoja na jina lenyewe, kunya (fulani baba wa fulani) na nisba (fulani wa mahali au kabila fulani). Waswahili wameuchukua mpango huo kwa namna yao. Kunya imepata mwenzake katika Mama Fulani na Baba Fulani, na nisba imo katika majina kama Mpemba, Mmvita au wa Tanga. Sambamba na hayo, lugha ina istilahi zake zenyewe ambazo wachunguzi wa leo wamezisahau mapema mno: jina la utani, ambalo mtu hupewa na wenye haki ya kumtania; jina la kupanga, ambalo mtu hujitwalia mwenyewe; na jina la kalamu, ambalo malenga wa magazetini walilitumia kutia sahihi chini ya beti zao. Istilahi hizi hazitofautiani kwa umbo. Zinatofautiana kwa mtoaji. Waliozibuni waliona kwamba swali la kwanza kuhusu jina ni nani alilitoa, na kwa haki gani.

Rais wa pili wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala kuanzia 1985 hadi 1995, hakujiita Mzee Rukhsa. Aliitwa hivyo na wananchi waliouona utawala wake ukilegeza masharti ya biashara, na katika neno moja walitia shukrani, mzaha, na kwa wengine lawama. Mtangulizi wake alikuwa mwalimu kweli, akafundisha Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955, lakini umma ndio ulioigeuza kazi hiyo kuwa jina linaloandikwa kwa herufi kubwa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alipewa lakabu yake kwa sababu ya udogo wa mwili wake alipozaliwa. Katika mifano yote hii aliyeitwa amelipokea jina na kulizoea, na hatimaye likamfaa.

Hata hivyo, kujipa jina si jambo lililokuja na kompyuta. Waruhiu Itote alipigana msituni Kenya akiitwa Jenerali China, na jina lililokusudiwa kumficha likawa maarufu kuliko lile la kwao, hata kitabu chake cha mwaka 1967 kikauzwa kwa heshima ya cheo hicho. Mfano mzito zaidi wa kubadilika kwa jina, awe nani aliyelitoa, ni wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950. Alizaliwa Fumba, Unguja, kabla utumwa haujafutwa kisheria mwaka 1897, akaitwa Mtumwa. Kati ya Mtumwa na Siti, yaani bibi mwenye heshima, pana safari ya tabaka zima la watu wa Zanzibar waliokuwa wakijitafutia mahali katika jamii ambayo jana yake iliwahesabu kuwa mali. Mchanganuzi wa maumbo ataandika kwamba nomino moja imechukua nafasi ya nyingine. Atakuwa hajakosea, ila atakuwa ameacha yote yenye maana.

Lakabu ya mtandaoni inakaa kati ya pande hizi mbili. Kwa utaratibu wa kompyuta ni jina la kupanga, kwa kuwa mwenyewe ndiye anayeiandika. Lakini wengi, wanapotakiwa kujitaja kwa haraka, huandika jina ambalo mtu mwingine aliwahi kuwapa: lile la bibi mzaa mama, lile la bweni, lile la mchumba wa zamani. Chukuliwe mfano wa mtu anayejiita Kijiti. Kwa jedwali, hii ni nomino ya ngeli ya ki-vi yenye dhana ya udogo. Kwa kisa, yaweza kuwa mwanafunzi aliyekuwa mwembamba kwa maradhi akachekwa miaka minne, na alipopata mahali ambapo hakuna anayeuona mwili wake, akalichukua tusi lile kwa hiari, akaliweka mlangoni kama mtu anayeitundika ngozi ya chui aliyemjeruhi. Mtu mwingine mwenye lakabu iyo hiyo huenda aliitwa hivyo na babu yake kwa mapenzi matupu. Umbo ni moja, mtoaji si mmoja, na maana hazikaribiani.

Kope na bunduki

Kabla msomaji hajadhani kwamba kinachotakiwa ni kuwauliza tu watu visa vyao na kuviandika kama asili ya maneno, afadhali akumbuke lakabu mashuhuri kuliko zote za bara la Afrika ya Mashariki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefika hadi Kongo na kufa Zanzibar mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Jina lenyewe la maandishi hayo linasema kwamba ni maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Kisa chake juu ya lakabu hiyo ni cha vita: wenyeji waliisikia milio ya bunduki zake, tip tip, wakamwita hivyo. Kisa cha pili, kilichosimuliwa na watu wengine, ni cha unyonge zaidi: alikuwa na mazoea ya kupepesa macho, na jina limetokana na kope.

Wanahistoria wamejaribu kuamua ni kisa kipi kilicho sahihi. Kwa mwanaisimu swali hilo si la kwanza. La maana zaidi ni kwamba visa viwili vinaishi pamoja, na kila kimoja kina wasimulizi wake. Mtu aliyejenga utajiri wake kwa nguvu angependa akumbukwe kwa bunduki kuliko kwa kope, na wale walioumizwa na nguvu hiyo walikuwa na kila sababu ya kupendelea kope. Kisa cha lakabu, basi, si cheti cha kuzaliwa. Ni utanzu wa masimulizi, wenye msimulizi, hadhira na wakati wake, na hubadilika kadiri hadhira inavyobadilika.

Ndivyo ilivyo pia kwa lakabu za leo. Mtu yule yule humwambia mgeni kwamba jina lake halina maana yoyote, akamwambia rafiki kwamba limetokana na mchezo wa shuleni, na akamwambia mtu mmoja tu duniani kwamba ni jina la mtoto aliyefariki. Hajadanganya mahali popote. Ametoa kila mmoja kiasi cha kisa kilichomstahili. Mchunguzi mwenye hojaji yake, anayeuliza mara moja na kuondoka, atapata kisa cha mgeni, naye atakiandika katika tasnifu kuwa ndiyo asili ya jina. (Wapo pia wasio na kisa kabisa, ambao kompyuta yenyewe iliwapendekezea jina wakalikubali kwa uvivu. Nao wahesabiwe, ila wasichukue nafasi kubwa.)

Jina la kanga

Msemaji wa Kiswahili ana jambo moja katika utamaduni wake linaloweza kumfundisha mengi kuhusu lakabu hizi, nalo ni kanga. Maandishi yaliyomo katika kanga huitwa jina. Msemo huu umezoeleka mno hata hautushtui, lakini ni wa ajabu. Sentensi nzima, pengine yenye fumbo na kijembe, inaitwa jina, kana kwamba nguo ni mtu. Mwanamke hununua kanga kwa jina lake. Huivaa siku anayoichagua, akapita mbele ya mtu anayemkusudia, wala hasemi neno. Akiulizwa, anaweza kujibu kwamba ameipenda rangi. Maana imekamilika kati ya mvaaji na mlengwa, na wapita njia wote wengine wamesoma maneno bila ya kusoma ujumbe.

Lakabu nyingi za mtandaoni zilizo katika umbo la sentensi hufanya kazi hiyo hiyo. Mtu anayejiita Nimesamehe, au Hamkunijua, au Mungu Aliona, amevaa kanga. Maelfu wataisoma. Mmoja atajua ni yeye anayeambiwa, na huyo huenda hata hayumo miongoni mwa wasomaji. Haki ya kukana imo ndani ya utanzu wenyewe, kwa maana mwenye lakabu anaweza kusema wakati wowote kwamba ameyapenda tu maneno. Majina ya namna hii si mageni hata kwa watu. Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia W. E. Taylor katika kuyahifadhi na kuyaeleza mashairi ya Muyaka bin Haji. Sikujua ni kitenzi kikanushi cha nafsi ya kwanza, wakati uliopita. Mofolojia yake inaelezeka kwa mstari mmoja. Lakini mofolojia haimwambii mtu nani hakujua nini, wala aliyeteswa na kutojua huko alikuwa baba, mama au mkunga.

Inasikitisha kwamba uhusiano huu wa lakabu na jina la kanga haupewi nafasi, ilhali nadharia za nje juu ya utambulisho na vinyago hunukuliwa katika kila utangulizi. Dhana ya kinyago inafaa kwa kiasi. Kinyago hufunika uso. Kanga haifunika uso wa mvaaji hata kidogo. Anaonekana, anajulikana, na bado amesema jambo ambalo hakulisema. Lakabu nyingi za Kiswahili ziko karibu zaidi na kanga kuliko kinyago, kwa kuwa wenyeji wa mtaa wa mwenye lakabu wanamjua vizuri sana. Anachokihifadhi si uso. Ni kisa.

Umbo nalo lisidharauliwe

Hoja hizi zisieleweke kuwa zinaibeza sarufi. Kinyume chake, lakabu za mtandaoni zinaibua maswali ya kisarufi yenye utamu, na baadhi yake hayajibiki bila ya kisa.

Kompyuta haikubali nafasi ndani ya jina la mtumiaji, na huduma nyingine huweka ukomo wa herufi. Katika Twitter, iitwayo X tangu 2023, ukomo ni herufi 15. Kwa hiyo maneno huunganishwa. Katika Kiswahili, lugha yenye silabi wazi na maneno mafupi ya kuunganishia, kuunganisha huko huzaa utata ambao lugha nyingine nyingi hazina. Waandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu waliujua utata wa aina hii, maana nao mara nyingi waliambatanisha vineno kama na, wa na ya na neno linalofuata, na msomaji akalazimika kuyatenganisha kwa akili yake.

Chukuliwe lakabu ya kubuni: nanikamamama. Ina herufi 12, na inakubalika popote. Karibu kila msomaji ataigawa hivi: nani kama mama, yaani sifa ya mama iliyozoeleka, swali lisilongoja jibu. Lakini herufi hizo hizo, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, zasomeka pia: na ni kama mama. Tuseme mwenye lakabu alilelewa na shangazi baada ya mama yake kuondoka nyumbani. Usomaji wa kwanza unamsifu mama aliyeondoka. Wa pili unamtaja shangazi aliyebaki. Hakuna kanuni ya kifonolojia, kimofolojia wala kisintaksia inayoweza kuamua kati ya hizo mbili, na mchunguzi anayeiweka lakabu hiyo katika safu ya sentensi ulizi amekwisha kuamua, kwa niaba ya mtu mwingine, jambo zito la maisha yake. Huenda pia mwenyewe amekusudia usomaji wote wawili, mmoja kwa ajili ya umma na mwingine kwa ajili ya shangazi. Hapo tumerudi kwenye kanga.

Tarakimu nazo hudhulumiwa. Jina likiwa limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, kompyuta hulikataa, na mtumiaji huongeza namba. Wachunguzi huziondoa namba hizo kama takataka wakati wa kusafisha data. Ni kweli kwamba 255 na 254 mara nyingi si chochote zaidi ya alama ya simu ya Tanzania na ya Kenya, ingawa hata hizo ni nisba kwa sura mpya: huyu ni wa huku. Lakini tarakimu mbili za mwisho huweza kuwa mwaka wa kuzaliwa, au wa kumaliza kidato cha nne, au wa msiba. Kuna lakabu ambazo kisa chote kimo katika namba na neno lililotangulia ni pambo tu.

Jambo la tatu ni upatanisho. Inafahamika kwamba nomino ya ngeli yoyote ikigeuka kuwa jina la mtu huchukua upatanisho wa viumbe hai: Bi Kidude aliimba, si kiliimba. Katika mazungumzo ya maandishi kanuni hii huvunjwa kwa makusudi, nao uvunjaji huo ni wa maana. Anayeandika kwamba Kijiti amenuna anataja mtu. Anayeandika kwamba Kijiti kimenuna amemrudisha mtu kuwa kijiti, na hilo laweza kuwa utani au tusi, kutegemea nani ana haki ya kumtania mwenye jina. Vivyo hivyo msemo wa baba lao, ambao Watanzania wengi huutumia kumsifu bingwa, haukutokana na kutojua sarufi. Kila anayeusema anajua kwamba baba wa kawaida ni baba yao. Upatanisho wa ngeli ya ji-ma umetumika kumkuza mtu hadi kuwa jitu, na sifa yote imo katika kiambishi hicho kimoja. Hapa pana kazi ya kutosha kwa tasnifu kadhaa.

Swali la polisi na swali la mwanaisimu

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa lakabu imekuwa pia jambo la sheria na la makampuni. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, hivyo kwamba nyuma ya lakabu nyingi sasa kuna kidole cha mtu. Huko Marekani, kampuni ya Facebook iling'ang'ania kanuni ya jina halisi, na mwaka 2014 ikalazimika kuwaomba radhi watu waliofungiwa akaunti kwa sababu majina waliyotumia kila siku hayakufanana na ya vyeti. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2007 ilianza kulazimisha majina halisi katika tovuti kubwa, na mwaka 2012 Mahakama yake ya Katiba ikaitangua sheria hiyo.

Dhana ya jina halisi ni dhaifu hata kwa vipimo vya mtaa wa kawaida wa Uswahilini. Mwanamke aliyeitwa Mama Fulani kwa miaka arobaini na majirani, wauza samaki, mashemeji na imamu, jina lake la kitambulisho linajulikana benki na zahanati tu. Ni lipi kati ya hayo lililo halisi? Jina la cheti ni halisi kwa dola. Kwa jamii-lugha, halisi ni lile analoitikia. Wanaisimu walipaswa kulisema jambo hili kwa sauti wakati kanuni hizo zilipokuwa zikitungwa, maana ni mambo ya taaluma yao. Hawakusikika sana.

Hata hivyo, jambo linalowahusu wanaisimu kwa karibu zaidi liko katika tasnifu zao wenyewe. Polisi huuliza: ni nani huyu? Mwanaisimu huuliza: kwa nini jina hili? Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, na mchunguzi huvuka kizingiti akiwa na dhamiri safi, akijua kwamba hatafuti jina la mtu. Lakini jibu la swali la pili mara nyingi huwa ni jibu la la kwanza pia. Kisa chenye bweni, mwaka, ajali ya basi na jina la utani la babu kinatosha kumtambulisha mtu kwa kila aliyesoma naye. Kumficha mtoa taarifa kwa kumwita Mtoa Taarifa wa 7, huku lakabu yake na kisa chake vimeandikwa mstari kwa mstari katika kiambatisho, si kumficha. Ni kumtia mtu katika chumba cha kioo na kufunga mlango kwa kufuli kubwa.

Nani atakayedhurika? Pengine hakuna, katika lakabu tisa kati ya kumi. Ya kumi ni ya mwanamke aliyeuliza mbele ya umma kuhusu ndoa inayomtesa, au ya kijana aliyeandika juu ya ugonjwa ambao nyumbani haujasemwa, au ya mtumishi aliyeeleza ubadhirifu ofisini kwake. Maandishi yao yote ya miaka yote yamefungwa kwa jina moja. Anayelifungua jina amefungua yote kwa mkupuo. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimewapa watu haki juu ya taarifa zao, na idara za lugha zisidhani kwamba sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Inapendekezwa kwa hiyo kwamba lakabu na kisa chake visichapishwe pamoja isipokuwa kwa ridhaa ya mwenyewe, naye apewe nafasi ya kuchagua ni toleo lipi la kisa liandikwe. Ridhaa iombwe mara mbili: kabla ya mahojiano, na tena baada ya msimulizi kukisoma kisa chake katika maandishi, kwa kuwa watu wengi hawajui wamesema kiasi gani mpaka waone. Pale ambapo kinachochunguzwa ni muundo, lakabu halisi ibadilishwe kwa nyingine ya kubuni yenye muundo huo huo, kama ilivyofanywa katika kurasa hizi.

Pingamizi moja ni la haki na halina jibu rahisi. Data iliyobadilishwa haiwezi kuhakikiwa na mtu mwingine, na sayansi isiyohakikiwa ni uvumi. Sehemu ya jibu ni kwamba data halisi ziwekwe chini ya ulinzi wa idara, zionwe na mtahini bila kutolewa nakala. Lakini sehemu nyingine ya pingamizi inabaki. Lakabu kama nanikamamama haibadilishiki. Utata wake umefungamana na herufi zake, na kuitafutia mbadala ni kuipoteza. Kwa lakabu halisi ya aina hiyo, mchunguzi ambaye mwenye jina amemkatalia hana la kufanya ila kuiacha, hata kama ndiyo iliyokuwa nguzo ya sura nzima. Mtahini aliyezoea kudai orodha kamili itambidi naye akubali kiambatisho chenye ukurasa mmoja tu, unaotaja idadi ya lakabu zilizokusanywa, idadi ya visa vilivyosimuliwa, na idadi ya wenye visa walioomba visa vyao visiandikwe.